Jina la marehemu kwenye orodha ya mshahara

Mpwa wangu amejiunga na jeshi. Alinipigia simu kutoka Kindu kuniaga kabla ya kwenda mafunzoni, akaniomba nimpe neno, kwa kuwa mimi mjomba wake nilivaa sare miaka kumi na moja. Nikamwambia, "Nenda salama, mwanangu, mtangulize Mungu." Simu ilipokatika nilijisikia vibaya usiku kucha. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na nimeyanyamazia tangu 1997. Nayaandika hapa kwa ajili yake, na kwa yeyote atakayekabidhiwa watu wa kuwaongoza, wawe kumi au elfu.

Niliingia katika Jeshi la Zaire, yaani Kongo ya leo, FAZ kama tulivyoliita, mwaka 1986. Mafunzo niliyapata Kotakoli, kwenye misitu ya Équateur, na mtu asikudanganye kwamba askari wa Zaire hawakufunzwa. Tulifunzwa sana, tena na walimu wengi mno. Askari wa miavuli wa brigedi ya 31 walifunzwa na Wafaransa, divisheni ya Kamanyola na Wakorea Kaskazini, walinzi wa rais wa DSP na Waisraeli. Kila kundi lilikuwa na walimu wake, bunduki zake na wakubwa wake waliomfuata Rais Mobutu moja kwa moja bila kupitia kwa mtu mwingine. Juu ya hayo kulikuwa na Garde Civile yenye jenerali wake, na SARM ya ujasusi wa kijeshi yenye askari wake pia. Wakati ule niliona ni ukubwa wa nchi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba rais aliyeogopa kupinduliwa aliligawa jeshi ili lisiweze kumgeukia, na jeshi lililogawanywa hivyo halikuweza kumgeukia adui pia.

Mwaka 1991 nilikuwa Kinshasa. Mwezi wa Septemba askari wa miavuli wa kituo cha N'djili waliasi kwa sababu ya mshahara, wakaanza na uwanja wa ndege, kisha wakaingia mjini. Raia wakaungana nao. Nami nilipora. Nilibeba cherehani kutoka duka moja, nikaitembeza begani mchana kweupe, na hakuna aliyeniuliza. Januari 1993 ikawa vilevile, safari hii kwa sababu tulilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5 ambazo wenye maduka walizikataa, baada ya Waziri Mkuu Tshisekedi kusema si halali. Oktoba mwaka huohuo ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mtu aliyekuwa akiweka akiba alilala na pesa, akaamka na karatasi.

Mpwa wangu, hapo ndipo jeshi letu lilipokufa, miaka mitatu kabla ya vita. Askari akishazoea kula kwa raia, raia huacha kumpa habari, humficha njia na humwombea mabaya. Vita vikija, anapigana akiwa kipofu katika nchi yake mwenyewe.

Nilihamishiwa Kivu ya Kusini. Kwa kuwa naandika Kifaransa vizuri, nikafanywa karani wa batalioni. Kazi yangu ilikuwa orodha: nani yupo, nani mgonjwa, nani amekufa, nani alipwe. Mshahara ulikuja ukiwa umechelewa miezi mitatu, minne. Kinshasa walikata, mkoani wakakata, na kambini ukakatwa mara ya mwisho. Kilichomfikia kaporali hakikutosha debe la unga wa muhogo. Wake wa askari ndio waliotulisha: waliuza ndagala, waliuza kasiksi, pombe ya ndizi, walilima vipande vya ardhi nyuma ya kambi.

Agosti 1994 rafiki yangu wa chanda na pete, kaporali aliyelala kitanda cha karibu nami tangu Kotakoli, alishikwa na malaria. Kwenye zahanati ya kambi hakukuwa na dawa hata kidonge. Mke wake aliuza vitenge vyake viwili akanunua kwinini sokoni, lakini tulikuwa tumechelewa. Tulimzika Jumanne. Jumatano nilikaa mezani na ile orodha mbele yangu na kalamu mkononi. Sheria ilitaka nichore mstari juu ya jina lake. Mjane alikuwa na watoto wanne na alitakiwa kuondoka kambini ndani ya mwezi mmoja. Sikuchora. Pesa ilipokuja nikamtilia saini marehemu, nikampelekea mjane, nikamwambia ni mafao ya serikali.

Nilidhani nimefanya wema. Mpaka leo kuna siku nadhani hivyo.

Nilipofanya hivyo kwa mwezi wa tatu, kamanda wetu aliniita. Aliiweka orodha mezani, akaweka kidole juu ya lile jina, akanitazama muda mrefu. Nilijua nimekwisha. Badala yake akasema, "Karani, umefanya akili. Kwa nini huyu mmoja tu?" Tangu siku ile sikuchora mstari tena. Aliyekufa alibaki. Aliyetoroka alibaki. Aliyekwenda kuchimba dhahabu Kamituga alibaki, tena alipandishwa cheo. Mjane aliendelea kupata robo ya mshahara wa mumewe, nami nikapewa kidogo cha kunifunga mdomo. Nilikichukua. Kufikia katikati ya 1996 orodha yangu ilikuwa na majina 412. Waliokuwa wakipanga mstari asubuhi walikuwa 163, wengine wakiwa na viatu vya plastiki.

Ninyi mtakaoongoza watu, wahesabuni kwa macho. Msimwachie karani. Pita mstarini mwenyewe, mwite mtu kwa jina, mtazame miguuni ana viatu gani, umuulize amekula nini jana. Ukikuta jina lisilo na mtu, lifute siku hiyohiyo, hata kama kufuta kutamuumiza mtu unayempenda. Kuna njia nyingine za kumsaidia mjane. Sisi makaporali tulikuwa zaidi ya mia, na kila mmoja akitoa kikombe cha unga kwa wiki mjane yule angekula. Wazo hilo halikunijia hata mara moja, kwa sababu tulishazoea kwamba kila mtu ajitafutie. Tulikiita Kifungu cha 15, kana kwamba ni sheria kweli.

Vita vilianza kwenye milima ya juu ya Uvira mwaka huo wa 1996. Sitaeleza chanzo chote, maana kina mizizi mirefu: wakimbizi zaidi ya milioni moja walioingia kutoka Rwanda mwaka 1994, wakiwemo wenye silaha waliofanya mauaji ya kimbari, Banyamulenge, Watutsi wa kwetu Kivu ya Kusini, walionyimwa uraia na viongozi wetu, kisha Oktoba wakapewa wiki moja kuondoka katika nchi waliyozaliwa, na Rwanda iliyotuma askari wake pamoja na AFDL, muungano wa waasi wa Laurent-Désiré Kabila. Nataka kueleza tulichofanya sisi. Katika batalioni yetu walikuwapo Banyamulenge watatu, askari wazuri. Walikamatwa na wenzao wa kombania moja nao. Wawili sikuwaona tena. Niliandika "hayupo" mbele ya majina yao, nikageuza ukurasa. Jeshi linalomkamata mtu wake kwa sababu ya pua yake limeshamfundisha kila askari kwamba kesho inaweza kuwa zamu yake.

Wiki ya mwisho ya Oktoba Uvira ilikuwa imeanguka, na waliokimbia walikuwa wakipanda Ngomo kuja Bukavu, wengine bila bunduki. Nilikuwa kwenye chumba cha foni, yaani redio ya mawasiliano, kamanda alipopokea amri kutoka juu. Sauti ilisikika vizuri: "Una watu 412. Nusu washike barabara, nusu wapande kilimani. Huhitaji nyongeza."

Kamanda akanitazama. Nikatazama chini. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Mkuu, nina watu 163." Maneno machache tu. Angeyasema, wangeuliza mishahara ya wale wengine imekwenda wapi. Akabonyeza kitufe akasema, "Imepokelewa, mkuu."

Nimelifikiria tukio hilo kuliko lolote maishani mwangu. Uongo tuliousema ili tule ulirudi ukiwa amri ya vita, na hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kuufuta. Aliyetoa amri kule juu hakuwa mpumbavu. Alihesabu kutokana na karatasi niliyoiandika mimi.

Risasi zililetwa na ndege, uwanja wa Kavumu. Tuliposhusha masanduku tulifurahi kama watoto. Kisha kijana mmoja, hajafikisha miaka 22, akafungua la kwanza. Zilikuwa ndefu, za bunduki aina ya FAL. Sisi wengi tulishika bunduki za Kichina za aina ya AK. Alichukua risasi moja akaibonyeza kwenye magazini yake, ikagoma. Akachukua ya pili, ikagoma. Akaendelea, ya tatu, ya nne, akizifuta kwenye shati kama vile tatizo ni vumbi. Hakuna aliyemwambia aache. Siku ile tulipanda kilimani kila mtu na risasi alizokuwa nazo tangu zamani. Mimi nilikuwa na 19, maana nyingine niliziuza 1995 kwa wawindaji. Na si mimi peke yangu.

Kama utapelekwa mstarini, mpwa wangu, uliza maswali manne kabla hujapanda gari. Risasi ngapi kwa kila mtu, na zinaingia kwenye bunduki hii? Nani analeta chakula, na saa ngapi? Majeruhi wanabebwa na nani kwenda wapi? Aliye kulia kwangu ni nani, na tunaongea naye kwa njia gani? Kamanda asiyeweza kujibu hata moja hakupeleki vitani, anakupeleka kaburini.

Swali la nne nimelijifunza kwa damu. Kulia kwetu lilikuwa kundi la walinzi wa rais kutoka Kinshasa. Sare zao zilikuwa mpya, walikuwa na makopo ya dagaa wa mafuta na magari yenye petroli. Waliongea Kilingala tu, na hata sisi tuliokijua hawakutujali. Kamanda wetu hakuwa na mamlaka juu yao, nao hawakuwa na namba zetu za foni. Usiku wa pili tulisikia magari. Tulidhani ni msaada unaingia. Alfajiri mama mmoja aliyekuwa akishuka na mzigo wake alituona, akasimama akashangaa: "Ninyi bado mko hapa? Wenzenu wamepita saa tisa ya usiku na magari yao." Ubavu wetu wa kulia ulikuwa wazi tangu saa tisa.

Kamanda alisema anakwenda Kavumu kutafuta nyongeza. Alipanda ndege. Tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyebaki na watu wake akiwasihi wasikate tamaa, aliuawa mjini Bukavu. Askofu alibaki mjini, sisi wenye bunduki tulikuwa tunakimbia. Kesho yake mji ulikuwa si wetu tena.

Njia ya kutoka Bukavu kwenda Kisangani, kupitia Miti, Bunyakiri, Hombo, Walikale na Lubutu, ni zaidi ya kilomita 600, na sehemu kubwa ni msitu na tope. Tulitembea na wake zetu, watoto, sufuria na mikeka. Huko nyuma wenzetu waliporomoka na kupora kila walikopita, Goma, Bunia, kila mahali. Mimi pia nilikuwa mmoja wao. Karibu na Bunyakiri niliingia kwenye nyumba ya mama mmoja mzee nikachukua kapu la unga. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, jina lako nani? Nataka nimjue ninayempa." Nilitoka bila kujibu. Mtu aliyeandika majina ya uongo mia mbili na zaidi hakuweza kutamka la kwake la kweli.

Hombo nilimkuta sajini mmoja, mtu wa Maniema, mfupi, mkimya, hakuwa na nyota yoyote begani. Alikuwa amekusanya watu 31. Alikuwa na boksi moja la biskuti za jeshi na alizigawa mwenyewe, akianza na majeruhi, kisha watoto, kisha askari, na yeye mwisho. Siku mbili nilizozihesabu hakubakiwa na kitu. Kijana wake mmoja alikuja na mbuzi. Sajini akarudi naye kijijini, akamrudisha kwa mwenyewe mbele ya watu. Jioni ile wanakijiji walituletea sombe, yaani kisamvu, na ndizi, na mzee mmoja akatuonyesha njia ya msituni iliyotukwepesha barabara. Watu hao 31, pamoja na mimi 32, tulifika Lubutu wote. Vikosi vyenye makanali vilifika vipande vipande, vingine havikufika.

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba askari wa Zaire alikuwa mwoga kwa asili. Ni walewale, wenye njaa ileile na risasi zilezile chache. Kilichobadilika ni mtu mmoja aliyekula mwisho.

Kisangani tulikaa tukingoja. Mobutu alikuwa Ulaya tangu Agosti akitibiwa kansa ya tezi dume. Alirudi Desemba, na Jenerali Mahele Lieko Bokungu, askari wa kweli aliyeheshimiwa na wengi, akapewa jeshi. Alichokabidhiwa kilikuwa mabaki. Serikali ikaleta mamluki, Waserbia na wengineo, wakilipwa kwa dola, nasi tulioiona pesa yao tulikuwa miezi bila hata zaire. Hebu fikiria unapigana ubavuni mwa mgeni anayelipwa kwa siku kuliko unavyolipwa kwa mwaka, tena hajui hata mto unatiririkia wapi. Tarehe 15 Machi 1997 mji ukachukuliwa bila mapigano makubwa. Watu walitoka barabarani na matawi kuwapokea kadogo, askari watoto wa Kabila. Walikuwa wakituimba sisi, na si kwa sifa.

Bunduki yangu niliikabidhi kwa mtoto wa miaka kama 14, amevaa mabuti ya mpira yaliyomzidi. Sisi tulizoea kuita wakubwa "chef"; yeye alimwita wake "afande", na niliwaona wakila sahani moja. Siwatakasi watu hao, maana yaliyowapata wakimbizi wa Rwanda huko Tingi-Tingi na ndani ya msitu yanajulikana, na damu ile haifutiki. Nasema tu nilichokiona kuhusu jeshi linalokwenda na jeshi lililokwama. Mahele naye aliuawa usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei katika kambi ya Tshatshi, na askari wa rais wa jeshi lake mwenyewe, alipokwenda kuwasihi wasiumwagie damu mji wa Kinshasa.

Walioshinda hawakujifunza. Wenzangu wengi wa FAZ walipelekwa kambi ya Kitona kwa kile kilichoitwa kuelimishwa upya, wakakaa na njaa na kipindupindu. Agosti 1998 James Kabarebe, afisa wa jeshi la Rwanda, alipotua Kitona na ndege zilizotoka Goma kuanzisha vita vya pili, aliwakuta maelfu ya askari wenye hasira, na wakamfuata. Mimi sikupelekwa. Nilikwepa kupitia Kindu, nikafika Kalemie, nikavuka ziwa hadi Kigoma, ambako nimeishi tangu hapo.

Kitu kimoja kimenipa moyo. Kuanzia 2005 ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, ulisaidia kutenganisha njia ya pesa na njia ya amri katika jeshi la Kongo: askari akahesabiwa mwenyewe, akapigwa picha na alama za vidole, na mshahara usipitie tena mkononi mwa kamanda wake. Haikuponya kila kitu, Goma imeanguka tena mara zaidi ya moja tangu hapo. Lakini ningekuwa karani wakati huo nisingeweza kufanya nilichofanya, hata kwa kutaka. Mpwa wangu, ukipata cheo halafu mtu akakuletea pesa za watu wako uzigawe wewe, zikatae. Zitakuharibu hata kama wewe ni mwema, maana mimi nilianza kwa wema.

Yule mjane nilimkuta mwaka 1999 kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa anapika nje ya hema, watoto wamekuwa wakubwa. Aliniita shemeji, akanipa kigoda, akanishukuru mbele ya majirani kwa mafao ya mumewe, akisema bila yale watoto wasingepona. Sikuweza kuvumilia. Nikamweleza yote: kwamba hayakuwa mafao, kwamba alipata robo tu, na ile sauti kwenye foni iliyosema watu 412.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mume wangu alihesabiwa pamoja na waliokuwa wanalinda Bukavu?"

Nikasema, "Ndiyo, shemeji."

Akainuka, akaenda kugeuza sombe jikoni.